Sauti Bila Maana: Uhakiki wa Msaada Unaotolewa kwa Wanafunzi wa Sekondari ya Chini Wanaotatizika Kusoma Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wanafunzi wa sekondari ya chini wanaotatizika kusoma Kiswahili wanavyosaidiwa nchini Kenya na Uganda, huku Tanzania ikirejelewa pale inapotoa funzo la kulinganisha. Hoja kuu ni kwamba msaada mwingi hukosea shabaha kwa sababu hutanguliwa na utambuzi wenye kasoro. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi, mwanafunzi anaweza kutamka matini yote kwa ufasaha bila kuielewa, na wepesi huo wa sauti huuficha udhaifu wake mpaka anapofika madarasa ambamo masomo yote hutegemea kusoma. Makala yanaonyesha kwamba ugumu wa ufahamu katika Kiswahili hujificha aghalabu ndani ya viambishi vya upatanisho, virejeshi na ukanushi, na kwamba kipindi cha ufahamu kama kinavyoendeshwa hupima uelewa badala ya kuufundisha. Yanapendekeza utaratibu mfupi wa kutambua chanzo cha tatizo la kila mwanafunzi, na ufundishaji wa kupokezana uliorekebishwa ili uafiki sarufi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwezi Januari mwaka 2019 Kenya ilianza kutekeleza mtaala wa umilisi kitaifa katika madarasa ya awali hadi Gredi ya 3. Kundi la wanafunzi waliokuwa Gredi ya 3 mwaka huo ndilo lililofungua sekondari msingi kwa kuingia Gredi ya 7 mwaka 2023, na ndilo lililofika Gredi ya 9 mwaka 2025. Historia ya kundi hilo ina jambo moja linalopaswa kuwashughulisha wataalamu wa usomaji. Lilikuwa Gredi ya 4 mwaka 2020, mwaka ambao shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19, na likarejea darasani mwezi Oktoba. Gredi ya 4 ndiyo hatua ambayo mtoto huacha kujifunza kusoma na kuanza kusoma ili ajifunze. Jeanne Chall, katika nadharia yake ya hatua za usomaji ya mwaka 1983, aliutaja mpito huo kuwa mahali ambapo watoto wengi waliokuwa wakisoma vizuri huanza kurudi nyuma. Nchini Uganda pengo lilikuwa refu zaidi: shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Hata hivyo, juhudi kubwa za kusoma katika ukanda huu zimeelekezwa chini ya mpito huo. Mradi wa Tusome, uliotekelezwa kitaifa nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, ulilenga madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Tanzania nayo ilielekeza mkazo wake wa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili. Tathmini za Uwezo, zilizofanyika nyumbani kwa watoto nchini Kenya, Tanzania na Uganda, zimetumia matini ya kiwango cha darasa la pili hata kwa watoto waliokwisha kufika madarasa ya juu. Juhudi hizo zina manufaa yasiyopingika. Lakini zimeacha dhana moja ikitawala bila kuhojiwa: kwamba anayevuka kiwango cha darasa la pili amekwisha kujua kusoma, na kwamba akikwama baadaye, tatizo ni uvivu au uzito wa akili.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Istilahi ya sekondari ya chini inatumiwa humu kujumuisha sekondari msingi ya Kenya na vidato viwili vya mwanzo vya Uganda na Tanzania, yaani vijana ambao kwa kawaida wana umri wa miaka 12 hadi 15.

2.0 Usomaji wa Sauti Kama Kipimo Kinachopotosha

Katika Kiswahili, uhusiano wa herufi na sauti ni wa karibu sana. Irabu 5 zina matamshi thabiti, silabi nyingi huishia kwa irabu, na aliyezimudu silabi huweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Seymour, Aro na Erskine (2003), waliolinganisha lugha za Ulaya, walionyesha kwamba watoto wanaosoma kwa tahajia thabiti hupata usahihi wa kutamka maneno mapema zaidi kuliko wanaoanza kwa Kiingereza. Kiswahili kimo katika kundi hilo la kwanza. Hii ni neema kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa mwalimu wa Gredi ya 7 neema hiyo hugeuka pazia.

Kwa mujibu wa mtazamo sahili wa usomaji uliotolewa na Gough na Tunmer (1986), usomaji ni zao la mambo mawili: kutambua maneno na kuelewa lugha. Kwa kuwa mambo hayo huzidishwa wala hayajumlishwi, kimoja kikiwa sifuri zao huwa sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Katika Kiingereza, mwanafunzi dhaifu hugunduliwa haraka kwa sababu hukwama katika kutamka. Katika Kiswahili, kigezo cha kwanza hukamilika mapema, na cha pili hakisikiki masikioni mwa mwalimu. Mwanafunzi anasimama, anasoma aya nzima bila kigugumizi, anaketi, na darasa linaendelea. Hakuna aliyeuliza kama ameelewa, kwa kuwa sauti yake imekwisha kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Kasoro hii huongezwa na vipimo vilivyobuniwa kwa lugha nyingine. Kuhesabu maneno yanayosomwa kwa dakika moja kumezoeleka katika tathmini za usomaji wa awali. Lakini neno la Kiswahili si kipimo sawa na neno la Kiingereza. Neno sikukiona lina ukanushi, wakati, mtenda, mtendwa na kitendo. Kiingereza kingehitaji maneno matano kueleza dhana hiyo. Kwa hiyo idadi ndogo ya maneno kwa dakika haithibitishi udhaifu wa msomaji wa Kiswahili, na idadi kubwa haithibitishi uelewa. Kipimo hicho kinafaa kumfuatilia mtoto yuleyule katika lugha ileile kwa muda fulani. Hakifai kuwa cheti cha kuhitimu usomaji.

Matokeo ya SACMEQ ya mwaka 2007 yanatoa funzo la ziada. Tanzania Bara, ambako mtihani wa kusoma wa darasa la sita ulifanywa kwa Kiswahili, ilikuwa miongoni mwa zilizopata wastani wa juu kabisa. Matokeo hayo ni hoja nzito kwa wanaotetea kusoma kwa lugha inayofahamika. Lakini mradi huohuo uliyapanga mafanikio ya kusoma katika viwango 8, ukitenganisha usomaji wa msingi, usomaji wa kupata maana, usomaji wa kufasiri na usomaji wa kuhakiki. Mgawanyo huo unafaa kuzingatiwa kuliko wastani wenyewe, kwa sababu unakiri jambo ambalo mazungumzo ya kisera hulisahau: kujua kusoma hakutokei mara moja na kwisha. Mwanafunzi anaweza kukwama katika kila ngazi.

3.0 Mahali Maana Inapojificha katika Matini ya Kiswahili

Tafiti nyingi za kuwasaidia wasomaji dhaifu zimefanywa kwa Kiingereza, na mbinu zilizotokana nazo hubeba mazoea ya lugha hiyo. Inafaa kuuliza msomaji wa Kiswahili hupotelea wapi hasa. Chukua matini fupi ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya mjadala huu:

Mkulima aliyepanda mihogo kando ya mto aliyaona maji yakipanda. Ingawa majirani walimshauri aivune mapema, aliiacha ikomae. Yalipofika shambani, hakuna alichookoa.

Hakuna neno gumu humu. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 anaweza kuyatamka yote. Lakini swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana: Ni nini kilichofika shambani? Jibu ni maji, na njia pekee ya kulifikia ni kiambishi ya- katika neno yalipofika. Mwanafunzi asiyefuatilia viambishi huenda akajibu majirani, kwa kuwa ni nomino iliyo karibu na ina umbo la ma-. Msomaji stadi huiondoa nomino hiyo bila kujua kwamba anafanya hivyo: majirani ni watu, huchukua upatanisho wa wa-, kama walimshauri inavyothibitisha, wangekuwa wao, kitenzi kingekuwa walipofika. Vivyo hivyo, aivune na aliiacha hurudi kwa mihogo, iliyotajwa sentensi moja kabla. Kitenzi panda nacho kimetumika kwa maana mbili, na kiunganishi ingawa kinamtayarisha msomaji kwa mkulima anayekataa ushauri. Asiyejua kazi ya ingawa hushangaa kwa nini mihogo iliachwa ilhali majirani walikwisha kutoa shauri.

Hivyo, ngeli katika matini si orodha ya kukariri. Ni nyuzi zinazoshona sentensi moja na nyingine. Msomaji anayezishika huyajua yanayozungumziwa hata aya nzima ipite bila nomino kutajwa tena. Asiyezishika hubaki na sentensi zilizokatikakatika, kila moja ikianza upya.

Mfano wa pili unahusu ukanushi. Katika matini za Kiswahili zinazohusu sayansi na mazingira mwanafunzi hukutana na vifungu kama wakulima wanaotegemea mvua zisizotabirika. Neno la mwisho lina upatanisho zi-, ukanushi -si-, kirejeshi -zo-, mzizi -tabir-, kauli ya kutendeka -ik- na kiishio -a. Silabi moja ndogo, iliyo katikati ya neno refu, hugeuza maana yote. Anayesoma kwa kasi ili amalize kabla ya wenzake huipita, na kwake mvua hiyo inatabirika. Akiulizwa baadaye kwa nini wakulima hao wamo hatarini, hana jibu.

Ikumbukwe kwamba hata uandishi wa lugha yenye tahajia thabiti una ugumu wake. Utafiti wa Alcock na Ngorosho (2003) kuhusu makosa ya tahajia ya wanafunzi wa Kiswahili ulionyesha kwamba kujifunza kuandika lugha hii si jambo jepesi kama linavyodhaniwa. Ikiwa uandishi unadai uangalifu huo, usomaji wa kutafuta maana unadai zaidi.

4.0 Kipindi cha Ufahamu: Mtihani Uliovishwa Vazi la Somo

Kipindi cha ufahamu kinafahamika kwa yeyote aliyesoma shule za ukanda huu. Wanafunzi husoma kifungu kwa zamu, mwalimu hueleza maneno magumu machache, kisha maswali huandikwa, majibu husahihishwa, na alama hutolewa. Kila hatua ina nafasi yake, isipokuwa moja inayokosekana: hakuna wakati ambapo mwanafunzi aliyekwama huonyeshwa namna ya kujikwamua. Anaambiwa kwamba amekosa. Haonyeshwi alipotea wapi.

Tatizo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Dolores Durkin, alipochunguza madarasa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, aligundua kwamba muda uliotumika kufundisha ufahamu wenyewe haukufika asilimia 1 ya muda wa masomo ya kusoma aliouchunguza. Uliobaki ulitumika kuuliza, kupima na kutoa kazi. Miongo kadhaa imepita, na maelezo yake yanaweza kusomwa katika vyumba vya walimu wa Kiswahili bila kuhitaji marekebisho makubwa.

Aina ya maswali huongeza upofu. Swali kama Ni nani aliyepanda mihogo kando ya mto? hujibiwa kwa kulinganisha maneno ya swali na maneno ya matini. Udhaifu wake unaonekana wazi mtu akitumia maneno yasiyo na maana yoyote: Mduvya aliyefesha mizowe kando ya shuvi aliyaona mafudi yakitapuka. Akiulizwa ni nani aliyefesha mizowe, mwanafunzi hujibu sahihi kwamba ni mduvya, na hupewa alama kamili kwa kuelewa sentensi isiyoeleweka na mtu yeyote. Maswali ya namna hii yakiwa mengi, mwanafunzi asiyeelewa hupata alama za wastani, na alama hizo humpitisha kutoka darasa hadi darasa bila mtu kutilia shaka.

Kuna pia mtengano ndani ya mtaala. Mada kuu za Kiswahili nchini Kenya ni kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. Mgawanyo huo hurahisisha upangaji wa vipindi, lakini darasani huzalisha kuta. Katika mtihani wa Lugha wa mwisho wa sekondari nchini humo, chini ya mfumo wa 8-4-4, matumizi ya lugha yamepewa alama 40 kati ya 80 na ufahamu alama 15. Mwanafunzi hujifunza ngeli kwa kugeuza sentensi pweke kutoka umoja hadi wingi, kisha hufunga daftari la sarufi na kufungua kifungu cha ufahamu ambamo ngeli zilezile zinafanya kazi, bila mtu kumwonyesha kwamba ni kitu kimoja. Sarufi inayofundishwa nje ya matini haimfikii msomaji dhaifu pale anapoihitaji.

5.0 Uganda: Pazia Lenyewe Linapoonekana

Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maamuzi hayo yaliwaingiza katika darasa la Kiswahili vijana wengi ambao hawakuwahi kukisoma katika shule ya msingi. Vijana hao tayari wanajua herufi za Kilatini kwa kupitia lugha za mazingira na Kiingereza. Ndani ya muda mfupi wanaweza kusoma ukurasa wa Kiswahili kwa sauti. Hakuna mahali pengine katika ukanda huu ambapo kusoma kwa sauti na kusoma kwa maana vimetengana waziwazi kiasi hicho.

Kwa hiyo darasa la Uganda ni kioo cha madarasa ya majirani. Likionekana tatizo huko, husemwa kwamba wanafunzi hawajui lugha. Likionekana Kenya, husemwa kwamba hawajui kusoma. Lakini mwanafunzi wa Gredi ya 7 anayeishi mahali ambapo Kiswahili cha vitabu husikika shuleni pekee yuko karibu na mwenzake wa Uganda kuliko walimu wake wanavyodhani. Hata anayezungumza Kiswahili cha mtaani kila siku hawezi kuchukuliwa kuwa anazifahamu tungo za maandishi kama zisizotabirika au aliyaona maji yakipanda. Katika mazungumzo ya mitaa mingi upatanisho hulegezwa, na msikilizaji huokolewa na ishara, macho na mazingira. Ukurasa hauna macho.

Msaada nao haupaswi kuwa wa aina moja. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda au Kinyankore ana mfumo wa ngeli kichwani mwake tangu utotoni. Anajua kwamba amazzi huchukua upatanisho wake, tofauti na ule wa watu. Mwalimu akimwonyesha kwamba ya- ya Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo, amemkabidhi ufunguo aliokuwa nao mfukoni. Mwanafunzi anayezungumza Kiacholi, Kilango au Kiteso hana mfumo huo wa Kibantu katika lugha yake ya kwanza, na kwake ufuatiliaji wa viambishi lazima ufundishwe hatua kwa hatua. Kitabu kimoja cha kiada hakiwezi kuwahudumia wote wawili kwa namna moja, lakini mwalimu aliyeelimishwa kuhusu tofauti hiyo anaweza.

6.0 Utambuzi Kabla ya Tiba

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Wako wanafunzi wa sekondari ya chini ambao kwa kweli hawawezi kutamka maneno, na kuwapa mafunzo ya ufahamu ni kumpa mwenye kiu chakula. Pingamizi hilo ni sahihi, na ndiyo sababu utambuzi unapaswa kutangulia. Mfumo wa kuwapanga watoto kwa kiwango chao badala ya darasa lao, ulioanzishwa na shirika la Pratham nchini India na kuenea katika nchi kadhaa za Afrika, umeonyesha faida ya kutowachukulia wote kuwa sawa. Lakini mfumo huo ulilenga hasa shule ya msingi, na upangaji wake hufuata zaidi ngazi za herufi, neno, aya na hadithi. Kwa kijana wa miaka 13 kigezo kingine kinahitajika.

Mtazamo sahili wa usomaji unaweza kugeuzwa kuwa utaratibu ambao mwalimu mmoja anautumia kwa kila mwanafunzi kwa dakika chache. Kwanza, mwanafunzi asome kwa sauti aya ya kiwango cha darasa lake. Pili, aisimulie upya kwa maneno yake. Tatu, asomewe aya nyingine ya kiwango hicho, kisha aisimulie. Matokeo hutoa picha tatu. Anayeelewa anaposikiliza lakini hukwama anaposoma ana tatizo la kutambua maneno. Huyu anahitaji mazoezi ya silabi na ya wepesi wa kusoma. Anayesoma kwa ufasaha na kuelewa anaposikiliza, lakini hawezi kusimulia alichokisoma, hajazoea kuitafuta maana katika maandishi. Huyu anahitaji mikakati ya ufahamu. Anayesoma kwa ufasaha lakini haelewi hata anaposikiliza ana upungufu wa lugha. Huyu anahitaji msamiati, tungo na mazungumzo mengi. Usimulizi uruhusiwe kwa lugha yoyote anayoimudu mwanafunzi, kwa kuwa kinachotafutwa ni uelewa wa matini, si ustadi wa kuzungumza.

Kwa sasa makundi hayo matatu huwekwa katika chumba kimoja cha masomo ya ziada na kupewa vifungu vya mitihani iliyopita. Kundi la kwanza hukata tamaa, la pili hurudia makosa yake, na la tatu hujifunza kunakili.

Matini za msaada nazo zinahitaji busara. Kumpa kijana wa Gredi ya 8 kitabu cha darasa la pili mbele ya wenzake ni kumfedhehesha, na aliyefedheheshwa hujifunza kuficha udhaifu wake. Zinazofaa ni matini fupi zenye lugha nyepesi na mambo ya rika lake: maelezo ya dawa, tangazo la kazi, ujumbe wa kutuma pesa kwa simu, habari ya mchezo wa mpira, barua ya malalamiko. Humo pia ndimo kutoelewa kuna gharama inayoonekana. Asiyeuona ukanushi katika usimpe mtoto aliye chini ya umri huu hatapoteza alama tu.

7.0 Ufundishaji wa Kupokezana kwa Masharti ya Kiswahili

Miongoni mwa mbinu zilizochunguzwa kwa wanafunzi wa rika hili, ufundishaji wa kupokezana wa Palincsar na Brown (1984) unastahili kuangaliwa kwa makini. Watafiti hao walishughulika na wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani ambao waliweza kutamka maneno ipasavyo lakini ufahamu wao ulikuwa hafifu, yaani wanaofanana sana na wanaojadiliwa hapa. Katika vikundi vidogo, mwalimu na wanafunzi hupokezana uongozi wa mazungumzo kuhusu kila sehemu ya matini kwa kutumia mikakati minne: kufupisha, kuuliza, kufafanua na kutabiri. Mwalimu huanza kwa kuonyesha, kisha hupunguza msaada kadiri wanafunzi wanavyoimarika.

Mbinu hiyo isichukuliwe kama muujiza. Rosenshine na Meister (1994), walipopitia tafiti 16, waligundua kwamba manufaa yalikuwa makubwa zaidi katika majaribio yaliyotungwa na watafiti wenyewe kuliko katika mitihani sanifu. Wala isihamishwe ilivyo. Mkakati wa kufafanua, katika Kiingereza, huelekea zaidi kwenye neno lisilojulikana. Katika Kiswahili, kama sehemu ya tatu ilivyoonyesha, tatizo linaweza kuwa ndani ya neno linalojulikana kabisa. Kwa hiyo mkakati huo unapaswa kuongezewa maswali mawili ya kudumu: Kiambishi hiki kinamrejelea nani au nini? Je, katika neno hili kuna ukanushi? Kiongozi wa kikundi anayeuliza maswali hayo kila aya anafundisha ngeli mahali zinapotumika, na ukuta kati ya sarufi na ufahamu huanza kubomoka.

Wingi wa wanafunzi darasani ni kikwazo cha kweli. Sekondari msingi ya Kenya imetengewa vipindi 4 vya Kiswahili kwa wiki, na mwalimu hawezi kuketi na kila kikundi. Lakini mbinu hii ilibuniwa ili uongozi uhamie kwa wanafunzi. Kipindi kimoja kati ya hivyo vinne, kikiondolewa katika usomaji wa zamu na kuwekwa katika mazungumzo ya vikundi, hakihitaji kitabu kipya wala chumba kipya. Kinahitaji mwalimu aliyewahi kuonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamedai kwamba wanafunzi wengi wa sekondari ya chini wanaotatizika kusoma Kiswahili hawaonekani, kwa kuwa sauti zao huwasitiri. Wanaposaidiwa, husaidiwa kwa tatizo wasilokuwa nalo. Nchini Kenya, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9 huchangia kuamua mkondo ambao mwanafunzi ataufuata katika sekondari ya juu. Aliyeshindwa kuelewa maswali ya Kiswahili kwa sababu ya silabi -si- anaweza kuathirika katika uamuzi huo bila mtu kujua chanzo chake.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, wizara za elimu ziingize utaratibu wa kusoma, kusimulia na kusikiliza mwanzoni mwa Gredi ya 7 na Kidato cha Kwanza, na matokeo yake yatumike kupanga msaada, si kutoa alama wala kulinganisha shule. Pili, taasisi za kukuza mitaala na mabaraza ya mitihani zipunguze maswali ya ufahamu yanayojibiwa kwa kunakili, na ziongeze yale yanayodai kufuatilia upatanisho, virejeshi na viunganishi ndani ya matini. Hatua hii haina gharama kubwa, na kwa kuwa ufundishaji hufuata mtihani, athari yake itafika darasani kabla ya semina yoyote. Tatu, vyuo vya ualimu vimwandae kila mwalimu wa sekondari ya chini, hata wa sayansi na jiografia, kuwa mwalimu wa kusoma matini za somo lake.

Watafiti nao wana deni. Vipimo vya ufahamu vilivyojengwa juu ya sarufi ya Kiswahili yenyewe, na kujaribiwa kwa wanafunzi wa lugha za kwanza zinazotofautiana, vinahitajika kabla ya kipimo kingine cha maneno kwa dakika kuagizwa. Mpaka hapo vitakapopatikana, mwalimu anaweza kuanza na swali moja baada ya mwanafunzi kusoma aya kwa ufasaha na kabla hajaketi: Yalipofika shambani, ni nini kilichofika?